Dunia inatuamulia, basi na sisi tupewe kura



Wiki iliyopita, kiisha habari za jioni, mama mmoja alinisimamisha pale njiapanda, mahali ambapo pikipiki za kwenda Bafwasende, za Isiro na za Mambasa zinaachana. Yeye ni mkimbizi wa ndani, analala na wajukuu wanne kwenye darasa la shule. Alikuwa amesikia nikisoma habari za Baraza la Usalama. Akaniuliza: "Mwanangu, hao watu wa New York unaowataja kila siku kwenye redio, tuliwachagua lini?" Nikamjibu kwamba hatukuwachagua. Akasema: "Sasa mbona wanatupangia?"

Nilitaka kucheka, kicheko kikakwama. Miaka yote niliyoshika mikrofoni nimesoma maamuzi ya New York, La Haye, Washington, Kampala, Kigali na Addis Abeba kama mtu anayesoma habari ya mvua. Mvua imenyesha, mvua haikunyesha. Sikuwahi kumwambia msikilizaji kwamba maamuzi hayo ni ya watu, na kwamba watu hao wangeweza kuwajibika kwetu.

Kwa hiyo leo siandiki habari. Ninatoa maoni yangu, na mtu akitaka kunipinga anipinge. Ninasema hivi: dunia inahitaji serikali yake, ndogo, yenye kazi chache zinazojulikana, na iliyochaguliwa na wananchi wenyewe. Najua maneno haya yanachekesha yakitoka Niania, mahali ambapo lori linaweza kulala matopeni siku nne. Lakini ni nani mwenye haki ya kuyasema kuliko sisi? Ituri imetawaliwa na dunia kwa zaidi ya miaka 20 bila kuulizwa.

Wenye umri wangu tulikuwa wadogo mwaka 2003. Mwezi wa 5 mwaka ule, majeshi ya Uganda yalipoondoka Bunia, wanamgambo waligombania mji, watu wakauawa mitaani, maelfu wakakimbilia uwanja wa ndege na kambi ya Umoja wa Mataifa. Askari wa Monuc waliokuwepo, wengi wao toka Uruguay, walikuwa kama 700 tu, na ruhusa yao ya kupigana ilikuwa finyu. Tarehe 30 mwezi wa 5 Baraza la Usalama likapitisha azimio nambari 1484, Ufaransa ikaongoza kikosi kilichoitwa Artemis. Kilisaidia, sikatai. Mji ukapumua. Lakini karatasi ilisema Bunia na uwanja wake wa ndege, na ilisema mpaka tarehe 1 mwezi wa 9. Aliyekuwa nje ya Bunia hakuwa ndani ya karatasi. Na huku kwetu, miezi michache kabla, kati ya mwezi wa 10 mwaka 2002 na mwezi wa 1 mwaka 2003, Mambasa ilikwisha kupigwa na operesheni ile ambayo wenyewe waliipa jina la "kufuta ubao". Wazee wanaikumbuka, na wengine hawataki kuizungumza. Bambuti wa msitu waliteswa kupita wote. Hakuna karatasi iliyoandikwa kwa ajili yao kwa wakati.

Sasa sikilizeni habari ya kesi mbili, maana ndizo zilizonibadilisha mawazo.

Mwezi wa 6 mwaka 1999 Kongo ilipeleka Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye. Tarehe 19 mwezi wa 12 mwaka 2005 majaji walisema wazi: Uganda ilivunja sheria, Uganda ilikuwa mvamizi aliyeikalia Ituri, na ina deni. Ilichukua miaka mingine 16 kuhesabu deni lenyewe. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022 mahakama ilitaja dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa ajili ya mali, milioni 60 kwa ajili ya utajiri wa ardhi uliobebwa. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya milioni elfu 11. Hata hivyo Uganda ilipangiwa kulipa milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano, na ilianza kulipa mwezi wa 9 mwaka ule ule. Tufikirie jambo hilo kidogo. Nchi yenye jeshi, yenye ndege na vifaru, ililipa kwa sababu majaji walisema ilipe. Hakuna risasi iliyolia.

Kesi ya pili. Kongo ilipeleka pia Rwanda mbele ya mahakama hiyo hiyo. Tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka 2006, wiki chache tu baada ya hukumu ya Uganda, majaji walisema hawawezi kuisikiliza. Hawakusema Rwanda haina kosa. Hawakufika hata kwenye kosa. Walisema Rwanda haijakubali kuhukumiwa na mahakama hiyo, basi mlango umefungwa. Uganda ilikuwa imekubali tangu mwaka 1963, ndiyo maana ilihukumiwa.

Hapo ndipo ninapowaomba mwalimu, mchungaji, shefu wa kijiji, na motari anayesoma hii kwenye simu, tutulie. Mtu akija kwako usiku akaiba mbuzi, ukampeleka kwa shefu, na shefu akamuuliza mwizi: "Je, unakubali nikuhukumu?" Mwizi akasema hapana. Shefu akakuambia urudi nyumbani. Utamwita huyo shefu? Utaliita hilo baraza? Mambo ya mbuzi hatuyakubali hivyo hapa Niania, lakini mambo ya damu ya watu duniani ndivyo yanavyokwenda. Mwaka 2025, mwezi wa 6, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha ilisema inaweza kusikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Ni miaka 19 baadaye, kwa mlango mwingine. Aliyezaliwa siku ule mlango wa kwanza ulipofungwa, leo ana ndevu.

Katika dunia yenye serikali ya kweli, hata iwe ndogo, mahakama haiombi ruhusa ya mshitakiwa.

Kuna mahakama nyingine, ile ya jinai, CPI. Ituri ndiyo iliyowapa kazi yao ya kwanza. Thomas Lubanga alihukumiwa mwaka 2012, miaka 14, kwa kuingiza watoto jeshini. Germain Katanga mwaka 2014, miaka 12, kwa sababu ya Bogoro. Bosco Ntaganda mwaka 2019, miaka 30. Wahanga 297 wa Bogoro walipewa haki ya dola 250 kila mmoja, kama ishara, pamoja na misaada mingine ya pamoja. Mimi si mtu wa kuidharau mahakama hiyo. Kabla yake nani aliwahi kuwauliza wanakijiji wa Bogoro walipoteza nini? Lakini angalieni waliofika kizimbani: watoto wa Ituri na majirani zao. Waliowapa silaha kutoka nje ya mpaka hawakufika. Wala Marekani, wala Urusi, wala China hawajajiunga na mahakama hiyo, na mwezi wa 2 mwaka 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kuwawekea vikwazo watu wake. Ni sheria ya wavu: dagaa wananaswa, mamba anaupasua na kupita.

Ndiyo maana hasira yangu haiko kwa Umoja wa Mataifa kwa kuwa upo. Iko kwa namna ulivyojengwa. Mwaka 1945, nchi tano zilijipa kiti cha kudumu na haki ya kusema hapana peke yake: Marekani, Urusi ya wakati ule, China, Ufaransa, Uingereza. Mwaka huo huo uranium ya Shinkolobwe, iliyochimbwa na Wakongomani, ilikuwa ndani ya bomu la Hiroshima. Mawe yetu yalikuwa na kazi kwenye historia ya dunia. Sisi wenyewe hatukuwa na kiti, maana alikaa Mbelgiji. Tuliingia mwezi wa 9 mwaka 1960. Tangu hapo wale watano ni wale wale.

Mwezi wa 6 mwaka 2025 nchi yetu ilichaguliwa kukaa katika Baraza la Usalama kwa mwaka 2026 na 2027. Nilitangaza kwa furaha, na furaha ilikuwa ya kweli. Ila waliopiga kura ni mabalozi, na kiti chenyewe hakina uwezo wa kuzuia kitu. Mwezi wa 2 mwaka huo, baada ya Goma na Bukavu kuanguka, wote 15 walikubaliana katika azimio nambari 2773 kwamba M23 iondoke na jeshi la Rwanda litoke kwetu. Wote 15, hakuna aliyepinga. M23 haikuondoka. Azimio lisilo na mkono wa kulitekeleza ni tangazo la redio tu, na mimi ninayasoma matangazo, najua yanavyokwisha.

Kuna jambo linaloniuma zaidi kwa sababu liko mlangoni petu. Hifadhi ya Okapi, hapa jirani, ni urithi wa dunia tangu mwaka 1996. Mwezi wa 6 mwaka 2012 washambuliaji walipoingia Epulu waliua watu, waliua pia okapi 14, na habari ikazunguka dunia nzima. Nampenda okapi. Ni mnyama wetu, haonekani porini kwingine kokote duniani. Lakini nauliza: okapi ni wa dunia, na mtoto anayelala darasani Niania ni wa nani? Mwezi wa 7 mwaka 2025 watu zaidi ya 30 waliuawa Komanda, wengine wakiwa kanisani kwa ibada ya usiku. Mkitazama ni nani aliyejiona ana wajibu juu yao, mtapata taarifa za kulaani.

Na mpaka wenyewe unafanya maajabu. Mama yule wa njiapanda angevuka Ziwa Albert akaingia Uganda, angeitwa mkimbizi, na kuna mkataba wa mwaka 1951 unaomtaja, na shirika lenye kazi hiyo. Kwa kuwa alikimbilia magharibi, ndani ya nchi yake, yeye ni mzigo wa serikali yake kwanza. Serikali hiyo hiyo iliyoshindwa kumlinda. Panga ni lile lile, njaa ni ile ile, na haki inapimwa kwa upande aliokimbilia.

Hata chakula. Mwezi wa 1 mwaka 2025 amri moja ya Washington ilisimamisha misaada ya Marekani, na Marekani ndiyo iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa ya misaada ya dharura nchini mwetu. Sisemi Wamarekani wana deni la kutulisha milele. Pesa ni yao, kura ni yao, walimchagua wanayemtaka. Nasema kwamba uji wa mtoto wa Ituri usingepaswa kutegemea uchaguzi wa nchi ambayo mama yake hana kadi ya kupigia kura. Msaada ni huruma, na huruma hukatwa. Kodi haikatwi hivyo. Dhahabu inayotoka huku kwetu, inayopita Uganda na kuishia Dubai, kama wataalamu wa Umoja wa Mataifa wenyewe wanavyoandika mwaka hadi mwaka, ingetozwa kodi ndogo tu na mamlaka ya dunia, tungekuwa tunalishwa na jasho letu.

Sasa, wapinzani. Nina rafiki, mwalimu wa historia, tunabishana karibu kila Jumapili. Anasema: "Wewe unaleta mkoloni mwingine. Dunia ilikutana Berlin mwaka 1884 na 1885, ikampa Leopold nchi nzima. Hiyo ndiyo serikali ya dunia." Hoja hiyo ni nzito na siivuki kwa kuiruka. Ila Berlin hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Ubaya wake ulikuwa huo: waliamua juu ya watu bila watu. Na ndivyo inavyofanyika mpaka leo, kwa tai nzuri zaidi. Mwalimu anaogopa serikali ya dunia itakayokuja. Mimi naiogopa hii iliyopo, isiyo na sanduku la kura.

Anasema pia kwamba mamlaka ya nchi ni kitu kitakatifu, mashujaa walikufa kwa ajili yake. Kweli walikufa. Lakini mamlaka hayo yako wapi Ituri? Tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021 tunaongozwa kijeshi, gavana hatukumchagua. Mwezi wa 12 mwaka 2018 ndugu zetu wa Beni na Butembo walinyimwa kumchagua rais pamoja na wengine. Na zile milioni 65 za Uganda? Ziliingia katika mfuko wa wahanga uliopo Kisangani, na mwezi wa 9 mwaka 2025 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria kwa kesi ya dola milioni 19 za ujenzi wa jela Kisangani, pesa zilizotoka katika mfuko huo huo. Mamlaka ya nchi yanayomlinda kiongozi dhidi ya dunia, na hayamlindi raia dhidi ya kiongozi, mimi sijui tunayatukuza kwa nini.

Swali lake moja ndilo linaloninyima usingizi. Aliniuliza: "Serikali moja ya dunia ikiharibika, utakimbilia wapi?" Leo ukifukuzwa Kongo unaweza kwenda Uganda. Dunia ikiwa na mwenyewe mmoja, na mwenyewe huyo akawa mbaya, hakuna ng'ambo. Sina jibu la kumfunga mdomo. Ninachosema ni kwamba ndiyo sababu kazi zake ziwe chache: kuzuia vita, kuhukumu wauaji wakubwa, kutoza mali inayovuka mipaka, kulinda waliofukuzwa. Mambo ya shamba, ya shule, ya ndoa, ya lugha yabaki kwa wenye nayo. Asiye na jeshi kubwa kuliko kazi yake hawezi kwa urahisi kuwa sultani. Lakini hofu ya mwalimu ni halali, na mtu akianza kupigania jambo hili bila hofu hiyo, mimi simfuati.

Kuna wanaosema ni ndoto. Ulaya walichinjana mpaka mwaka 1945. Mwaka 1952 wakaanza na baraza la wabunge walioteuliwa tu, lisilo na meno. Mwaka 1979 wananchi wenyewe wakaanza kuwapigia kura wabunge hao. Leo nchi 27 zina bunge moja, Ujerumani ina viti 96, Malta nchi ndogo ina 6, ili mdogo asimezwe. Nasi tumekwisha kuingia katika kitu cha namna hiyo, ingawa wengi hawajui. Tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ina bunge Arusha, kila nchi ina wabunge tisa wa kuchaguliwa, nasi tuna wetu tisa. Wanakaa ukumbi mmoja na wa Uganda na wa Rwanda. Nani hapa anaweza kunitajia jina la mmoja? Hatuwajui kwa sababu si sisi tuliowachagua, wanachaguliwa na mabunge ya nchi. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya New York. Wachaguliwe na sisi. Waje Niania kuomba kura, wakwame kwenye matope yetu, wajibu maswali ya mama yule. Mbunge wa Arusha anayetaka kura ya Ituri na mbunge anayetaka kura ya upande wa pili wa mpaka, wakilazimika kueleza mbele ya watu wao kwa nini vita haiishi, hilo silioni kuwa ndoto. Bunge la Afrika nalo, lile la Midrand, lilikwisha kuunga mkono wazo la bunge la watu katika Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2007. Wazo si langu wala si la wazungu peke yao.

Na ikiwa kungekuwa na bunge la namna hiyo mwaka 2004, wasichana wa Bunia walioharibiwa na baadhi ya askari wa Umoja wa Mataifa, jambo ambalo Umoja wenyewe ulilichunguza na kulikubali, wangekuwa na mtu wa kumwandikia. Askari yule hahukumiwi Bunia, anahukumiwa kwao, kama kwao watataka. Aliyekuja kwa jina la dunia nzima, dunia haiwezi kumhukumu. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na bado inanishangaza.

Nilimtafuta tena yule mama nimpe jibu langu. Nikamweleza kwa kifupi, kura, bunge, mahakama isiyoomba ruhusa. Alisikiliza huku akichambua sombe. Akauliza kama hao wabunge wangelala kwenye darasa lao siku wakija kuomba kura, au wangerudi Bunia kwa ndege kabla ya jua kuzama. Nikamwambia hiyo ndiyo itakuwa ya kwanza kuwauliza.

Jumamosi jioni, kiisha habari, mwalimu amekubali kuja studio kunipinga hewani. Familia zilizo shuleni na zilizo kwa wenyeji, andikeni maswali yenu kwenye karatasi, mumpe kijana wa mlangoni. Asiyejua kuandika aje aseme, nitaandika mimi.